Nukta Iliyofika Webuye

Juzi, katika maabara ninayolinda hapa ughaibuni, Al Rayyan, fundi Mkenya alikuwa akijaribu kifaa cha gari cha kuonyesha njia. Ana kisanduku kinachotoa mawimbi kama ya setilaiti, nacho kifaa huamini kiko popote anapotaka yeye.

"Soja, nikipeleke wapi?" akaniuliza.

"Kwetu, Webuye."

Nukta kwenye ramani ya kifaa ikatulia kando ya mto nilikobatizwa. Miaka sita sijauona. Nikaipiga picha, nikamtumia mama bila maelezo. Mungu anisamehe, nilitaka tu afurahi.

Jioni akanipigia. "Nimeshachinja jogoo. Umekwama wapi?"

Nikakiri yote. Akacheka kidogo.

"Basi nitamla kwa niaba yako. Lakini hicho kifaa, mwanangu, kisije tena peke yake."