Skrubu Iliyopaswa Kulegea

Modest Qamara amefuta sauti ya marehemu, na binti wa marehemu bado hajui.

Ni saa mbili asubuhi katika gereji moja ya Karatu, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Modest, mwenye miaka 52, ametandaza gunia safi. Juu yake ipo mashine ya muziki ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, isiyopiga sahani za santuri bali mche duara wa nta wenye ukubwa wa kikombe. Anaifungua kwa mara ya tisa. Haina ubovu wowote.

"Naifungua ili mama akija anikute nina kazi," anasema. "Nimekuwa mwongo hivyo."

Mama huyo ni Sabina, mkulima wa Rhotia, miaka 81. Baba yake alikuwa mpishi wa mlowezi wa kahawa kule Oldeani. Mlowezi alimwimbisha mbele ya honi, mdomo mpana wa mashine hiyo, nayo ikanasa kwenye nta wimbo wa Kiiraqw wa kufyeka shamba. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja, mlowezi akaondoka, mashine ikabaki kwa mpishi. Springi yake ikakatika. Sabina alizaliwa baadaye, na baba akafa yeye akiwa na miaka mitatu. Hakuikumbuka sauti yake.

Modest aliishia darasa la tano. Kazi yake ni magari ya watalii, yanayorudi kutoka hifadhini yakigongana vyuma kwa sababu ya njia mbovu.

"Hapa nati iliyolegea maana yake mgeni analala porini," anasema. "Nilifundishwa neno moja. Kaza. Halafu kaza tena."

Mashine ilimchukua mwezi mzima. Springi ndefu, aliyokwisha kuiunga, ilimponyoka mara mbili alipoikunja kurudi ndani ya kopo lake, ikampasua kidole gumba. Gavana, kile kidude chenye vyuma vitatu vidogo kinachozuia mashine isikimbie, kilikosa bati moja jembamba. Akalichonga kutoka kwenye saa mbovu ya mezani, akalipunguza kwa msasa mpaka mzunguko ukaacha kuyumba.

"Hapo nikajivuna."

Kilibaki kichwa chenye sindano. Chini yake kulikuwa na kipande cha chuma kilichoning'inia, kikicheza kwenye skrubu yake. Kimewekwa hivyo ili sindano ipite juu ya nta kwa wepesi. Modest hakujua.

"Nikasema huyu Mzungu alisahau kukaza. Nikamkazia."

Siku ya soko la mnada Sabina akaja. Sauti ikatoka, safi. Mama akacheka huku amejishika shavu. "Anaimba kama mtu aliyeacha ugali jikoni," alisema.

Nyuma ya sindano, nta ilikuwa inatoka kama maranda ya mbao. Modest aliyaona wimbo ukiwa katikati.

"Ningeinua kichwa ningemkatia wimbo. Nikaacha. Mpaka leo sijui kama niliacha kwa ajili yake, au niliogopa ataniuliza kwa nini."

Sabina alipoomba kurudia, Modest alimwambia springi imelegea.

Wenzake wanajua anajificha. "Profesa," anaita Dickson, fundi mwenzake, kutoka chini ya gari, "hiyo injini inatoka lini kwenda Serengeti?"

Saa nne Sabina anaingia na fimbo yake. Modest anasimama, anafuta mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Shikamoo mama. Wimbo haupo tena. Niliufuta mimi, siku ile ile."

"Marahaba. Ulijua saa ngapi?"

"Ukiwa katikati."

"Ukaniacha nisikilize."

"Ndiyo, mama."

Sabina anauchukua mche, anapitisha kidole juu ya nta. "Hilo la kuniacha nisikilize sikulaumu. Lakini baada ya hapo nimekuja hapa mara nane, fundi. Ukanipa kiti, ukanitazama usoni, ukaniambia springi."

Anaurudisha mche juu ya gunia.

"Ifunge," anasema mama. "Uilete nyumbani mwenyewe, hata kama ni bubu."

Modest anapanga kuipeleka Jumapili. Tayari ameilegeza skrubu, nusu mzunguko tu. Ndicho kipimo alichokuwa amekizidisha.

Wimbo ulikuwa wa dakika mbili. Uliimbwa mara moja, ukasikilizwa na binti mara moja. Safari nane kutoka Rhotia zilikuwa za bure.