Yupo, Anakuja

Jumanne nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Mwanza. Muuguzi akaita jina la mzee mmoja aliyetoka Magu alfajiri. Mzee alikuwa ameenda chooni, na anayepitwa, kadi yake huwekwa chini kabisa ya nyingine zote; angelazimika kurudi kesho yake.

"Yupo, dada!" mama muuza samaki wa Kirumba alipaza sauti, mkono juu. "Anakuja polepole, haoni vizuri. Usimpite!"

"Ni baba yako?"

"Tumejuana hapa hapa benchini."

Muuguzi akacheka, akaishikilia kadi mpaka mzee alipotokea akipapasa ukuta.

Nikakumbuka darasa langu la zamani. Kila nilipoita majina asubuhi, hakukosekana mtoto wa kumjibia mwenzake: "Yupo, mwalimu, ndiyo anavuka mto!" Kwenye kipindi cha dini niliwafundisha watoto hao hao kwamba Mkristo humwombea mwenzake mbele za Mungu. Kumbe walikuwa wakiombeana hivyo hivyo mbele yangu kila siku, kila mmoja akimsemea asiyekuwepo, nami nikiwapa adhabu ya kufagia uwanja kwa kosa la uongo.