Binti wa Japani Asiyevuta Pumzi

Keti hapa, mwanangu, wala usitoe ekuteri zote mbili. Moja acha sikioni, nyingine nipe mimi. Ninachotaka kukueleza kinahusu hizo nyimbo za Kijapani unazosikiliza, na sitaki udhani nimekuja kukunyang'anya simu. Siku ninayoikumbuka ni ya juzi juzi tu, lakini ilinirudisha kwenye siku nyingine, ya ujana wangu, ambayo sikuwa nimemsimulia mtu.

Mjukuu wangu Riziki ana miaka kumi na tisa. Ni mwimbaji wa mbele katika kwaya ya vijana ya kanisa letu hapa Rugenge, na mimi ndiye niliyemfundisha kuimba, kama nilivyofundisha wasichana wengi wa mtaa huu. Rafiki yake alimpa nyimbo saba, hizo hizo ulizo nazo wewe. Zilipita kutoka simu hadi simu, maana mega za intaneti ni ghali, na aliyezichagua alikuwa ameandika juu yake: za vijana, anza na hizi. Riziki akaanza nazo. Akiosha sahani, anaimba wimbo wa tatu. Akitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, anaimba huo wa tatu. Baada ya wiki chache nikasikia sauti yake ina mchanga ndani.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa iende Runingu kwenye ibada ya mavuno, na Riziki ndiye angeanzisha wimbo peke yake, bila ngoma wala kinanda. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo mwaka mzima.

"Nipe na minye nimusikie huyo anayekumaliza koo," nikamwambia.

Tukaketi kwenye benchi la jikoni, kila mmoja na ekuteri yake. Ilikuwa sauti ya binti, nyembamba, ikikimbia mbele ya ngoma kama inayoogopa kushikwa. Niliipenda, sitakuficha. Lakini mwalimu wa kuimba hasikilizi kama watu wengine. Masikio yangu hutafuta mahali mwimbaji anapovuta hewa, kwa sababu hapo ndipo ninapojua kama amefundishwa vizuri. Nikangoja. Mstari wa kwanza ukaisha na wa pili ukaungana nao, kisha wa tatu. Mimi mwenyewe nikaanza kuishiwa pumzi kwa ajili yake.

"Riziki, huyu mutoto anapumua wapi?"

Akacheka. "Hapumue, Koko. Haiko muntu."

"Haiko muntu namna gani? Si niko namusikia?"

"Iko ordinateri. Kule Japani muntu anaandika maneno na noti, ordinateri inaimba. Huyu binti wanamuchora tu. Hana hata mama."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliuweka chini polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Dakika moja kabla nilikuwa namhurumia binti wa watu, nikijiuliza ni nani huko kwao anayempa maji ya uvuguvugu.

Riziki akanieleza bila haraka, kama ninavyomweleza yeye. Hapo mwanzo mtu wa kweli alikaa chumbani na kutamka vipande vidogo vidogo vya sauti. Kisha kompyuta ikavichukua vile vipande, ikaviunganisha, ikavipandisha na kuvikimbiza kwa kadiri mtunzi alivyotaka. Kwa hiyo koo lilikuwepo mwanzoni. Lakini wimbo wenyewe ulipita mahali ambapo hakuna koo linaloweza kupita.

Mwanangu, hata mimi nilishawahi kushindana na mtu asiyekuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Jirani yetu mshona nguo alikuwa na redio ya kaseti, na kaseti moja ya mama mmoja wa mbali ambaye hata jina lake halikuandikwa. Sauti yake ilikuwa juu sana, juu kuliko ya msichana yeyote wa kwaya yetu, na mistari yake ilikwenda mbio. Nikajiapiza kwamba nitaifikia. Kila siku nikimaliza kuanika ndagala, wale samaki wadogo, nilisimama dirishani kwa mshonaji na kuimba naye. Koo likiuma, nilikunywa maji na kuendelea. Mwalimu wetu wa kwaya, Mzee Bahati, aliniuliza mara mbili ninaimba nini nikiwa nyumbani. Nilimdanganya mara zote mbili.

Siku moja nilifungua mdomo mazoezini, ikatoka hewa tu. Wenzangu walinigeukia. Mzee Bahati akawauliza wao ninaimba wapi nikiwa nyumbani. Jioni alikuja mwenyewe kwa mshonaji, akasikiliza kaseti kidogo, akaomba bisibisi. Fundi aliyewahi kuitengeneza redio ile alikuwa amekaza vibaya skrubu ya mota, na kaseti ilikuwa inazunguka haraka kupita kiasi. Mzee akaigeuza kidogo kidogo. Nikasimama pale dirishani nikimsikia yule malaika wangu akishuka, akishuka tena, mpaka akawa mama mtu mzima mwenye sauti nzito, anayepumua kila mwisho wa mstari. Nilisikia hata akimeza mate.

"Weye ulikuwa unashindana na mota," Mzee Bahati akaniambia. Hakunigombeza. "Nilikuuliza mara mbili, binti yangu."

Sauti yangu ya juu haikurudi tena. Watu husema nilichagua kufundisha badala ya kuimba, nami nimewaacha waseme.

Nilipomaliza, Riziki alikuwa ameshazima simu bila kuambiwa.

"Koko, na Jumapili?" akauliza, na mchanga ule ukasikika hata katika maneno hayo machache.

"Jumapili iko mbali. Kuanzia sasa unyamaze."

Alinyamaza siku tatu, akiniomba chumvi kwa vidole. Alhamisi nikamruhusu kuimba wimbo wa tatu, ule ule, ila chini kabisa, polepole, akipumua kila maneno yanapokwisha. Nilishtuka tena. Ndani ya zile mbio kulikuwa na wimbo mpole. Alikuwa amesoma tafsiri yake ya Kifaransa, akaniambia ni habari ya mtu anayengoja barua. Nilifuta macho kwa pembe ya kitenge, nikasingizia moshi.

Jumapili, Runingu, alianza chini kuliko mazoezini. Wasichana wawili wa sauti ya kwanza wakatazamana. Katikati ya mstari wa pili sauti ikakwaruza, nami nyuma nikashika benchi. Riziki akanyamaza. Akavuta hewa, pumzi kubwa iliyosikika hadi mlangoni, kisha akaendelea mpaka mwisho, na sauti ikamtii.

Basi, mwanangu, sikiliza nyimbo hizo, nakuhimiza kabisa. Anza na wa kwanza kati ya zile saba, ni wa taratibu na unafaa asubuhi ukiwa na kazi za mkono. Wa tano nao usiupite; humo sauti moja imepangwa juu ya yenyewe mara nyingi hadi ikawa kwaya, nao utakufundisha namna sauti zinavyopishana. Wa sita unachezesha mabega, lakini maneno yake ni ya mtu aliyechoka kuishi. Huo usikilize ukiwa na mwenzako, na siku utakapohisi maneno hayo ni yako, njoo kwangu au kwa mtu wa nyumbani, usingoje. Na wa tatu, ufurahie, ila usiukimbize. Binti huyo hakuumbwa achoke. Wewe unachoka, na si aibu. Kabla hujajipima na mtu yeyote unayemsikia kwenye simu, uliza kwanza amefanyaje kuwa vile, na ukiulizwa na mkubwa wako, mwambie kweli.

Mungu akulindie koo lako, akupe watu wa kukungoja unapovuta hewa.

Sasa weka mkono tumboni, imba mstari mmoja kwa sauti yako ya chini, na hewa ikiisha, simama upumue.