Nilimnyamazisha Odette kwa Sababu Watoto Walimpenda

Nimekosa, na sina kisingizio. Nilimchafulia jina Mrundi mwenzangu, rafiki yangu kabisa, kwa wivu tu.

Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya Kombe la Dunia kuchezwa hapa Joburg, Afrika Kusini. Nilikuwa mwalimu wa watoto kanisani kwetu, Hillbrow. Odette alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kiyahudi, mjane wa rabi, na bibi huyo alimsimulia visa vya walimu wao wa kale.

Nilimwomba Odette anisaidie darasani. Jumapili ya kwanza akasimulia jinsi Ibrahimu, akiwa kijana, alivyoachiwa duka la sanamu la baba yake. Akazivunja zote, akaibakiza ile kubwa na kuipa shoka mkononi. Baba aliporudi akaambiwa, "Zimegombania chakula, hii kubwa ikazipiga."

Baba akafoka, "Sanamu zinaweza kupigana?"

"Sasa mbona unaziabudu?"

Watoto walicheka hadi wakashika matumbo. Watoto wetu hawa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kizulu, walimwomba aendelee kwa Kiswahili! Nyumbani binti yangu akaniambia, "Mama, wewe husimulii kama Mama Odette."

Eish, iliniuma. Kila Jumapili wakawa wanamkimbilia yeye, mimi nabaki nimeshika chaki.

Nikaenda kwa mchungaji. "Odette anawafundisha watoto dini ya Kiyahudi," nikamwambia. "Hayo hayamo kwenye Biblia."

Na nilijua vizuri kwamba kila mara alianza kwa kuwaeleza, "Watoto, hiki hakimo kwenye Biblia. Ni kisa cha marabi."

Mchungaji alimsimamisha kufundisha, mbele ya waumini wote. Odette akanigeukia. "Dada, si ulikuwepo? Waambie nilivyokuwa nasema."

Nikainamisha kichwa.

Hakurudi tena kanisani. Watoto nao wakaanza kupungua, na binti yangu akawa ananijibu Kizulu tu.

Juzi nilimfuata kwake Doornfontein kumwomba msamaha. Alinipikia chai.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila siku ile niliacha kusimulia, hata kwa wanangu. Sasa bibi amefariki, na visa vingi nimevisahau."

Ndugu msomaji, kabla hujampelekea mchungaji maneno juu ya mwenzako, jiulize: ungeyapeleka kama asingependwa kuliko wewe?