Siku Niliyokataa Kushuka La Goulette

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba ndani ya paspoti ya Ubelgiji kuna kidude kinachonusa udongo wa Afrika. Kama uliingia Ulaya ukiwa mkimbizi, hata leo uwe Mbelgiji kuliko mfalme wao, siku utakayokanyaga bara letu kidude kinaamka, kinahesabu dakika saba, na faili lako la zamani linafunguka lenyewe katika ofisi moja ya chini ya ardhi hapa Bruxelles. Ukirudi nyumbani unakuta barua mlangoni: kwaheri.

Chekeni. Na mimi ningecheka, kama hasira ingeniachia nafasi.

Aliyeniambia ni papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee, wa kanisani kwetu Koekelberg, mtu wa tai na Biblia ya zipu, ambaye akikohoa tu, safu tatu za viti zinaitikia amina. Alinikamata baada ya ibada, mbele ya masufuria ya sombe, kile kisamvu chetu, siku sita kabla ya safari.

"Mutoto yangu, Tunisie ni Afrika ao si Afrika?"

"Ni Afrika, papa."

"Alors? Wakati uliomba asile ya ukimbizi, uliambia Babelgiji nini? Kama unakimbia. Sasa unaenda kupumuzika kule? Bon. Kale kachuma ka mu paspoti hakalalake."

Mimi ni mtu wa diploma. Niliisotea shule ya jioni miaka minne, nikitoka ghalani na viatu vya chuma miguuni, na siku ya kuipokea niliibeba mkononi kwa mguu mpaka nyumbani Evere ili Bruxelles nzima iione, na njiwa wake. Komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, iko hatua mia mbili kutoka kwetu. Ningeenda kuuliza. Lakini niliogopa kwamba swali lenyewe lingeamsha faili. Hapo ndipo uvumi wa makaratasi unapotushika sisi tuliowahi kuishi kwa kungoja barua: hatuthubutu kuuliza.

Na safari ile ilikuwa na sababu moja tu. Mdogo wangu yuko Tunis. Alitoka Bukavu kwenda kusoma, akabaki, na sasa kazi yake ni kupokea simu za Wafaransa wanaolalamika kuhusu mashine za kufulia. Visa ya kuja kwetu amenyimwa mara mbili. Miaka kumi na minne hatujaonana. Nilipoona katika katalogi meli inayozunguka Mediterania na kusimama La Goulette, bandari ya Tunis, kwa muda wa masaa manane, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mke wangu nilimwambia ni zawadi ya ndoa. Hakudanganyika, lakini alifunga masanduku.

Meli yenyewe ilikuwa kubwa kama Ganshoren, mtaa wa hapa Bruxelles, nzima pamoja na makaburi yake. Na kutoka huko huko Ganshoren walikuja wastaafu wawili, mtu na mkewe, tuliopangiwa nao meza.

"Kesho ni Tunisia," alisema mzee akipaka siagi. "Hatushuki. Hakuna kitu kule. Mazulia tu, na watu wa kukuvuta mkono. Tutalala karibu na bwawa, litakuwa tupu."

"Mumewahi kufika?" mke wangu akamuuliza.

"Hapana. Lakini inajulikana."

Damu ilinichemka. Nchi yenye miji iliyokuwa na maji ya bomba wakati Bruxelles ni tope na vyura, na huyu anaifuta kwa kisu cha siagi! Nikafungua mdomo nimtandike na diploma yangu yote. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi sishuki. Nikaufunga.

Asubuhi mke wangu alinikuta na kandambili.

"Viatu viko wapi?"

Nikamweleza habari ya kidude. Yeye aliingia Ubelgiji kwa ndoa, hakuwahi kuomba ukimbizi, kwa hiyo, kwa hesabu zangu, kidude chake kilikuwa na usingizi mzito.

"Muntu wa diploma," akasema.

"Tuna watoto watatu Evere. Nikifukuzwa?"

Alichukua mfuko wa zawadi akashuka peke yake.

Nikapanda sitaha ya juu kabisa. Mzee wa Ganshoren aliniazima darubini yake aliyonunua kwa ajili ya pomboo. Nyuma ya geti, kati ya teksi za njano, nikamwona: shati jeupe, na tumbo ambalo sikuliacha pale. Simu ikalia, naye akaniita yaya, yaani kaka, kama zamani.

"Yaya, niko ku mulango. Uko wapi?"

"Huku juu. Inua mukono."

Akainua.

"Shuka basi!"

"Siwezi. Makaratasi."

"Gani? Si uko na paspoti ya Belgique?"

Nikamweleza. Akacheka, kicheko cha baba yetu kabisa. "Yaya, acha muchezo, couscous inapoa." Nilipomwambia si mchezo, kicheko kikakatika. "Bon," akasema polepole. "Labda ni kweli. Mi banakatala visa bila kuniambia juu ya nini. Nitajua nini mambo ya kwenu?"

Nilisimama pale masaa yote manane, pua ikababuka. Mzee akaniuliza natazama nini.

"Mdogo wangu."

"Sasa mbona hukushuka?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Mkewe akahamisha mataulo.

Mke wangu alirudi na boksi la makrudi, vile vikeki vya tende, na chupa ya harisa, pilipili yao ya kusaga. "Amesema atabaki ku mulango mpaka meli itoke," akaniambia. Alibaki. Meli ilipogeuka, mkono wake ulikuwa bado juu.

Jumapili iliyofuata yule papa aliniuliza kama nilishuka. Nilipomjibu hapana, akasema Mungu asifiwe, na mimi, mpumbavu mwenye cheti, nikasema amina.

Miezi kumi baadaye paspoti iliisha muda nikaenda komuni. Dirishani alikuwa mama mmoja wa miwani. Niliinama, nikanong'ona kama mtu anayeungama.

"Madame, sisi tuliokuja kama wakimbizi, tunakatazwa kushuka Tunisia?"

Alitazama skrini yake, akanitazama.

"Bwana, wewe ni Mbelgiji. Unaenda popote, hata Kongo. Na ulipokuwa bado mkimbizi, nchi uliyokatazwa ni hiyo Kongo tu."

"Na kile kidude ndani ya paspoti?"

"Kina picha yako na alama za vidole."

"Basi?"

"Basi. Ungeweza kushuka."