Dirisha Lililoshushwa

Naikumbuka siku moja ya mvua kule kwetu Kanyakine, nimeinama mezani nikinakili jumba la ghorofa kutoka kwenye gazeti. Mwanangu, nakuona unavyohangaika na folda ya michoro wanayoitaka chuoni, ukilalamika kwamba hukusoma sanaa. Mimi pia sikuisoma. Shule yetu ilitufundisha kilimo, na penseli ilikuwa ya hesabu. Lakini usanifu majengo niliutaka mno, na bila folda hawakuiti hata kwa mahojiano.

Mama alikuwa kitandani tangu mavuno ya kahawa, saratani imeingia mgongoni. Sote tulijua hatainuka tena, ila hakuna aliyethubutu kusema. Nikampelekea jumba langu nikingoja sifa.

"Kendi, hapa nani analala?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni ya folda tu."

"Basi hiyo ni nyumba ya wenyewe, si yetu. Chora hii chumba. Mimi nalala hapa kila siku na sioni kitu, ni mbao tu na mawingu."

Niliudhika, sikufichi. Chumba cha mbao kinachonuka dawa, nani angenipa nafasi kwa hicho? Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikajilaza kando yake, kichwa kwenye mto wake, ndipo nikaelewa. Dirisha letu lilikuwa juu mno. Aliyesimama aliona shamba lote, aliyelala hakuona hata jani. Nikapima ukuta kwa kamba ya mbuzi, nikachora na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe nikachora dirisha limeshuka hadi usawa wa godoro.

Kaka yangu Mwenda aliutazama mchoro ule, akaenda kuchukua msumeno. Nyumba ya mbao haina ugumu. Kufikia jioni dirisha lilikuwa chini. Mama akageuza uso. Akaiona kahawa, migomba, na mbuzi wa jirani ndani ya mboga zetu tena. Huyo mbuzi alimchekesha. Kisha akanyoosha kidole.

"Mtanizika pale, kando ya ndizi. Mtu wa hii kitanda atakuwa ananiona. Kendi, weka kwa mchoro."

Habari za kaburi zilikuwa hazijawahi kutajwa katika nyumba ile. Mwenda akatoka nje. Nami nikachora mstatili mdogo kando ya migomba, machozi yakilowesha karatasi, na mchoro huo ndio niliouweka mbele kwenye folda.

Kwenye mahojiano mwalimu mmoja aliuwekea kidole ule mstatili, akauliza ni nini. Nilipomweleza, hakuna aliyeniuliza tena habari za sanaa. Barua ya kunikubali ilipofika, Mama alikuwa amelala pale pale nilipomchorea.

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Achana na majumba ya magazetini. Nenda kwa mtu anayeishi ndani ya kuta unazozijua, kaa anapokaa, lala anapolala, muulize anaona nini na anakosa nini. Kisha chora hicho, hata kama mistari imepinda. Mkono utafunzwa huko mbele. Kutazama anza leo, maana wa kuulizwa hawangoji.

Mungu akutulizie mkono. Na akuachie, kwa muda mrefu kuliko alivyoniachia mimi, mtu wa kukuuliza nani analala hapa.