Mashavu ya Vidonge

Pamoja na dawa za saratani, daktari alinipa vidonge vya steroidi, akanionya kwamba vitanitia njaa na kunivimbisha uso. Hakuniambia kwamba vitanifanya nimchukie mume wangu kwa namna anavyokoroga chai. Maskini wa Mungu, akawa anakwenda kuinywa barazani.

Njaa yenyewe haikuwa na adabu. Nilimaliza bakuli langu la urojo, kisha nikakodolea macho la mwenzangu. Mkate wa kumimina uliowekewa wageni niliula peke yangu jikoni, nimesimama. Nami nilifurahi, nisiseme uongo, maana kabla ya hapo hata uji ulinishinda.

Wiki chache baadaye mashavu yakajaa, uso ukawa duara kama chapati. Kwetu mgonjwa akinenepa amepona, hakuna mjadala. Majirani waliokuja kunijulia hali wakageuka kunipongeza: nimenawiri, mashallah. Nilipowaeleza habari za vidonge, walinicheka, wakasema nisikufuru neema.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama yangu, aliyehamia kwetu Mji Mkongwe kutoka Mkokotoni ili aniuguze. Akaalika wanawake wa mtaa kwa maulidi ya shukrani, akaagiza na mchele wa biriani. Hapo nikaingiwa na hofu. Matibabu yalikuwa hata nusu hayajafika, na mama ana shinikizo la damu. Nikimwacha asherehekee kupona ambako hakujatokea, halafu mambo yakageuka, nani atamnyanyua? Na kumwambia nako kuliniuma.

Asubuhi ya maulidi nilimkuta anachambua mchele. Nikaketi naye mkekani, nikajikaza.

"Mama, haya mashavu ni ya dawa. Sijapona bado."

Hakuinua hata macho. "Nnajua. Mumeo kanambia zamani."

Nikamuuliza, sasa maulidi ni ya nini, na watu wameshaalikwa?

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani.

"Mwanangu, mie nnashukuru unakula. Ya kupona ntasoma nyengine."

Nikalia, mimi niliyekuja kumliwaza yeye. Akaniacha nilie, kisha akanisogezea sinia, tukachambua wote wawili mpaka mchele ukaisha.